KULALA KATIKA NYUMBA YA KALE KANDO YA KANISA KUU LA MKUNAZINI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Mbulu na Hanang)



Tumetakiwa na Halmashauri ya Chama tuwaeleze habari za safari yetu ya Unguja, na hasa habari za malazi, kwa kuwa wako wanachama watakaokwenda huko mwezi wa Desemba nao wataka kujua walale wapi. Tulikuwa watu wanne: makarani watatu wa Mbulu, mmoja wao bibi wa masijala, pamoja na mwalimu mmoja wa Katesh. Maneno haya tumeyaandika pamoja, na mahali tulipopingana tumesema wazi ya kuwa tulipingana.

Kusomeana habari za safari si jambo geni katika vyama vya namna hii. Marehemu Bwana Martin Kayamba, aliyeanzisha chama cha watumishi wa Serikali wa Kiafrika huko Tanga mwaka 1922, alikwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Naye aliporudi hakuyafungia moyoni aliyoyaona, bali aliandika kitabu, Tulivyoona na Tulivyofanya Ingereza, kikapigwa chapa mwaka 1932. Kwa sababu hiyo mwenzetu mmoja alituambia kabla hatujaondoka, "Afadhali mngetueleza miji ya Uingereza yenye makanisa makuu na nyumba zake za wageni za zamani." Tukamjibu ya kuwa Bwana Kayamba mwenyewe alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, na ya kuwa Unguja nayo ina kanisa kuu la Kiingereza na nyumba ya kale ya kulala wageni kando yake. Aanzaye kutembea na aanzie karibu.

Hata hivyo neno moja la miji ile ya Uingereza latufaa. Katika mji wa Canterbury, baada ya Askofu Mkuu Thomas Becket kuuawa ndani ya kanisa lake mwaka 1170, mahujaji walimiminika kuzuru kaburi lake, na maskini wao hawakuwa na mahali pa kulala. Ikajengwa nyumba juu ya daraja la mto, ikaitwa hospitali, nayo ingali imesimama. Haikuwa nyumba ya dawa, bali ya kumlaza mgeni. Maneno haya mawili, hospitali na hoteli, ni watoto wa mama mmoja: yote yametoka katika neno la Kilatini lenye maana ya mgeni na mwenyeji wake. Tafadhali liwekeni neno hili akilini, maana nyumba tuliyolala sisi Mkunazini ilianza kuwa hospitali ya misheni, na baadaye ikawa nyumba ya wageni.

Habari za njia hatutazirefusha. Kutoka Mbulu tulishuka kwa gari hadi Babati, tukashika barabara ya lami ya Kondoa hadi Dodoma, na hapo tukapanda treni mpya ya umeme iliyoanza kazi mwaka 2024. Kutoka Dar es Salaam ni boti tu. Mmoja wetu alitapika, na jina lake ametuomba tulihifadhi.

Nyumba yenyewe yaitwa kwa jina la Mtakatifu Monika. I ndani ya uwanja wa Kanisa Kuu la Kristo, hatua chache kutoka barabara ya Mkunazini, wala si mbali na soko la Darajani. Kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari i juu sana, hata mtu mrefu wa Hanang akisimama juu ya kitanda haifikii. Mbele ya vyumba pana baraza ndefu ya kukaa jioni. Vyombo si vya fahari: kitanda, chandarua, meza, na feni. Atakaye mazulia na kioo cha kujitazama mwili mzima na aende kwingine. Lakini hewa yapita vizuri, maana waliojenga walijua joto ni nini, na walijenga kwa ajili ya wagonjwa. Sisi watu wa milimani, tuliozoea kulala na blanketi mbili mwezi wa Juni, twaweza kushuhudia ya kuwa usiku wa kwanza tulilala salama. Karani mmoja alikuwa amechukua blanketi lake kutoka Mbulu. Halikufunguliwa.

Alfajiri mtu huamshwa na adhana, maana misikiti ni mingi na i karibu. Na siku ya Jumapili kengele ya kanisa hufuata. Tulipenda jambo hilo. Chai hunywewa nje, mitaani, kwa chapati au mkate wa kumimina, nayo ni nafuu kuliko chai ya hotelini. Wenye masurufu madogo walitie jambo hilo maanani.

Hapa twaomba ruhusa ya kusema kidogo juu ya jina la nyumba. Monika alikuwa Mwafrika, mzaliwa wa nchi iitwayo leo Aljeria, naye ni mama wa Augustino, Askofu wa Hippo, aliyefariki mwaka 430. Mwalimu wetu alisikia mgeni mmoja akimwambia mwenzake ya kuwa huyo Augustino ndiye aliyepeleka Ukristo Canterbury. Sivyo. Augustino wa Canterbury alifika huko mwaka 597, na yule wa Hippo alikuwa amekwisha kuzikwa zaidi ya miaka 160. Kila karani wa masijala ajua hatari ya watu wawili wenye jina moja: barua ya huyu huingia katika jalada la yule, na mwisho mtu hulipwa kiinua mgongo cha mwenzake. Hatukulitaja kosa hilo kwa kicheko, bali kwa kuwa nyumba hii yote, na uwanja wake, yadai jicho la karani.

Kanisa lenyewe lina tarehe zilizo wazi. Mahali pale palikuwa soko la watumwa. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza, akapiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari, na masoko yote ya hadhara yakafungwa. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Msimamizi wa kazi alikuwa Edward Steere, wa Misheni ya Vyuo Vikuu, aliyefanywa askofu mwaka 1874. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya mwaka 1877, kabla paa halijakamilika. Paa hilo ni la ajabu: halina boriti wala bati, bali ni tao moja la saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa, na watu wengi walibashiri litaanguka. Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare. Tusisahau ya kuwa mtu huyo ndiye aliyetoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, na ya kuwa Kiunguja ndicho kilichochaguliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kiswahili cha barua zetu za ofisini, Mabwana, kilipita katika uwanja ule.

Ziko na habari nyingine zisimuliwazo, ambazo si za karatasi bali za kinywa. Husemwa ya kuwa altare imewekwa mahali hasa palipokuwa mti wa kuwachapia watumwa, na sakafuni pana duara la marmar la kuonyesha pale. Husemwa kadhalika ya kuwa nguzo za mlangoni zimesimamishwa kichwa chini miguu juu, kwa kuwa mafundi walizisimamisha askofu alipokuwa safarini, naye aliporudi akaziacha. Msalaba uliomo ndani umechongwa kwa mti wa Chitambo, mahali ulipozikwa moyo wa David Livingstone mwaka 1873. Habari hizi tulizisikiliza kwa furaha, wala hazimdhuru mtu.

Lakini liko jambo moja ambalo latudhuru, na juu yake ndipo tulipopingana.

Chini ya nyumba ya Mtakatifu Monika, yaani chini ya vitanda vyetu, pana vyumba viwili vya chini ya ardhi. Dari zake ni fupi, mtu huinama. Pande mbili pana kama vitanda vya mawe, katikati ni mfereji, na hewa huingia kwa matundu membamba ukutani. Minyororo imewekwa. Kijana aliyetuongoza alituambia ya kuwa humo ndimo walimofungiwa watumwa kungoja mnada, watu 75 katika chumba kimoja na 50 katika cha pili, siku kadha wa kadha bila chakula. Bibi wa masijala alitoka nje kabla hajamaliza kusikiliza. Mwalimu wa Katesh alilia machozi, naye ameturuhusu tuseme hivyo.

Usiku ule, barazani, hatukulala mapema. Karani mmoja alianza kwa kuuliza swali la kikarani kabisa: soko lilifungwa mwaka gani? 1873. Na nyumba hii, iliyo juu ya vyumba vile, ilijengwa na nani? Na misheni, iwe hospitali. Misheni ilianza kujenga hapa lini? Baada ya soko kufungwa. Basi yawezekanaje nyumba iliyojengwa baada ya soko kufungwa iwe na chumba cha kuwawekea watu wangojao soko lile? Wako wanahistoria ambao wamelisema jambo hilo kwa muda mrefu: ya kuwa vyumba vile vilikuwa ghala ya hospitali, na soko lenyewe lilikuwa uwanja wa wazi.

Mwalimu alikasirika. Alisema, "Jengo la juu laweza kuwa jipya na msingi wake ukawa wa kale. Tena biashara ya siri iliendelea baada ya mwaka 1873, kila mtu ajua. Na zaidi ya yote, ninyi mkianza kutoa tofali moja, kesho watakuja watu wengine waseme nyumba nzima haikuwako, na utumwa wenyewe ulikuwa hadithi ya wamisionari." Neno lake la mwisho ni zito, wala hatukulidharau. Watu wa namna hiyo wako, na tumewasikia.

Hukumu yetu sisi watatu ni hii. Tarehe zina nguvu kuliko minyororo iliyowekwa baadaye, na upande wa karani tumeuona kuwa ndio wenye uzito. Lakini hofu ya mwalimu yapata jibu katika karatasi zile zile. Mkataba wa 1873 uko. Hakuna Sultani awezaye kutia sahihi ya kufunga soko lisilokuwako. Asiyeamini hayo hatashawishika kwa chumba cha chini. Na aaminiye kwa sababu ya chumba tu, siku atakapoambiwa ya kuwa kilikuwa ghala la dawa, ataona amedanganywa katika yote. Kwa hiyo twasema: watoto wa shule za Mbulu na Hanang wapelekwe wakakione chumba, lakini waambiwe tarehe mbili kabla ya kushuka ngazi, moja ya soko na moja ya nyumba.

Nje ya nyumba pana ukumbusho ambao haudai kuwa zaidi ya ulivyo. Umechongwa na Clara Sörnäs mwaka 1998: sanamu za watu watano wamesimama ndani ya shimo, na mnyororo shingoni. Wewe wasimama juu ukiwatazama, nao hawakutazami. Tulisimama pale asubuhi tatu, kila siku kabla ya chai.

Tena kuna neno moja tulilokuwa tukilitamka kila siku bila kulifikiri. Katika mikutano yetu huitana "waungwana". Zamani za Unguja mwungwana hakuwa mtu wa adabu nzuri tu. Alikuwa mtu asiye mtumwa. Mtu hakuweza kuwa mwungwana kwa kusema "tafadhali". Tulipolitamka neno hilo kwenye baraza ile, lilikuwa na uzito mwingine.

Sasa twaja kwa jambo ambalo makarani wenzetu, twadhani, watalipenda zaidi. Soko lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa haukwisha. Sheria ya kuufuta ilitoka tarehe 6 Aprili 1897, tena haikusema ya kuwa watumwa wote ni huru kuanzia leo. Ilisema ya kuwa atakaye uhuru aende mbele ya korti akaombe. Bwana wake alikuwa na haki ya kudai fidia. Masuria hawakuhesabiwa, wakangoja mpaka mwaka 1909. Maana yake ni hii: uhuru wa mtu mmoja mmoja ulikuwa maombi, shahada, jina katika daftari, na hati mkononi. Palikuwa na karani aliyeketi upande wa pili wa meza. Twajiuliza aliandikaje jina la mtu ambaye bwana wake alikuwa amempa jina la mchezo. Alimwuliza jina la kwao, au aliandika lililoletwa?

Na sharti moja la sheria ile lilitushika kooni. Mtu aliyepewa uhuru alitakiwa aonyeshe makao yake ya kudumu na kazi ya kumlisha. Asipoweza, aliweza kuhesabiwa kuwa mzururaji. Kwa maneno mengine, swali la kwanza aliloulizwa mtu huru mpya lilikuwa: utalala wapi? Sisi tuliandika majina yetu katika kitabu cha wageni, tukaulizwa swali lile lile kwa upole, tukapewa ufunguo.

Wengine wenu mtasema, kama alivyosema mwalimu usiku wa kwanza, ya kuwa si adabu kulala mahali pa huzuni namna ile, na ya kuwa afadhali mtu akodi chumba katika hoteli nyingine ya Mji Mkongwe. Hoteli ziko nyingi, na nyingine ni nzuri kupita kiasi. Lakini hebu tuzitazame. Nyingi zilikuwa nyumba za matajiri: milango ya kuchonga, misumari ya shaba, nyua za ndani. Mali iliyochonga milango ile ilitoka wapi? Ilitoka katika pembe za ndovu zilizobebwa begani, na karafuu zilizochumwa na watumwa mashambani. Mgeni hulipia mlango, husifu uchongaji, wala hakuna amwulizaye neno. Liko pia jengo la klabu ya Waingereza, iliyoanzishwa mwaka 1888, ambalo baadaye limekuwa hoteli, Africa House. Zamani za klabu ile karani wa Kiafrika hakuwa na nafasi ya kuketi humo kama mgeni. Mji huu umeingizwa katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kwa haki, lakini katika mji mzima hakuna paa la kale la kumlaza mtu mbali na habari zile. Kwa maoni yetu walio wengi, nyumba ya Mkunazini ina heri moja: haimruhusu mgeni asahau.

Wala asiseme mtu ya kuwa hayo ni mambo ya pwani, hayatuhusu sisi wa Mbulu na Hanang. Misafara ya pembe ilipita Kondoa Irangi, na mingine ikapita Mbugwe, hapo chini ya bonde letu. Katika utawala wa Wajerumani ilitolewa amri mwaka 1904 ya kuwa watoto wote wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Wazazi wao hawakutajwa kuwa huru. Sheria ya kuufuta utumwa katika Tanganyika nzima ilitoka mwaka 1922. Huo ndio mwaka ule ule Bwana Kayamba na wenzake walipounda chama chao Tanga. Hatukuwa tumewahi kuziweka tarehe hizi mbili katika ukurasa mmoja, mpaka tulipokaa kwenye baraza ya Mtakatifu Monika na kalamu mkononi. Watu waliokuja kuandikisha majina yao katika chama cha makarani, na watu ambao sheria ilikuwa ikiwafungua, walipita njia moja mwaka mmoja, na huenda wengine walikuwa ndugu.

Kwa watakaokwenda Desemba: andikeni mapema, maana ni mwezi wa wageni wengi, na Krismasi kanisa hujaa. Chukueni nguo nyepesi na kofia; blanketi liacheni nyumbani. Mavazi ya heshima ni lazima mitaani, kwa wanaume na kwa wanawake, kwa kuwa mji ni wa Waislamu na uvaaji wa ovyo huwaudhi wenyeji. Dai la posho liambatane na stakabadhi ya nyumba, ya treni na ya boti, kila moja peke yake. Jumba la Ajabu, lililojengwa na Seyyid Barghash, sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Ulizeni kwanza kama pameruhusiwa kuingia kabla ya kulitia katika ratiba.

Halmashauri imetaka tutoe pendekezo moja la malazi. Watatu kati yetu tumependekeza nyumba ya Mtakatifu Monika. Mwalimu wa Katesh ameomba iandikwe katika kumbukumbu ya kuwa yeye hakukubali, ya kuwa usiku wa pili na wa tatu alilala Malindi kwa jamaa yake, na ya kuwa kila alfajiri alitembea kwa miguu kuja Mkunazini kusimama nasi kando ya lile shimo.